Aliyelipwa Kuja Kutuambia Sisi ni Watu

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ile ya fisi kwenda kuposa kwa sungura, ni zamani ya juzijuzi tu, wengine wenu hapa mlikuwa mmeshaota meno, palikuwa na mji uitwao Kilalani. Mji huo ulizungukwa na mashamba ya mkonge. Na katikati ya mji na mashamba palikuwa na shule moja, na katika shule hiyo alisoma msichana wa darasa la saba, jina lake Lukia.

Lukia alikuwa mtoto wa kambini. Kambi ni zile nyumba za safu walizojengewa wakata mkonge zamani, na wakata mkonge wenyewe walikuwa Wamakonde, waliotoka ng'ambo ya Ruvuma wakiwa vijana, wakazaa, wakazeeka, wakazikwa papo hapo Kilalani. Lakini watu wa mji waliwaita watu wa kuja. Aliyezaliwa hapo, mtu wa kuja. Aliyezikwa hapo, mtu wa kuja.

Shuleni palikuwa na pipa la maji ya kunywa, na juu ya pipa vikombe viwili. Kimoja kilikuwa kikombe tu. Cha pili kilifungwa kamba ya mkonge kwenye kishikio, nacho kiliitwa kikombe cha kambi. Nani alikifunga? Hakuna aliyejua. Nani aliamuru? Hakuna aliyeamuru. Mwalimu aliyeingia alikikuta, mwalimu aliyetoka alikiacha. Mtoto wa kambini akija darasa la kwanza, wenzake wakubwa walimwonyesha: chako ni kile. Basi akakishika kile.

Lukia alilelewa na bibi yake, Bi Somoe. Bibi huyu alikuwa na nembo usoni, zile chale za Kimakonde zilizochanjwa mashavuni na kwenye paji la uso, na juu ya mdomo palikuwa na tundu la ndonya, lile pambo la mdomoni, lililokwisha kuziba. Lakini nembo hizo wachache walizijua. Bi Somoe hakutoka nje ila amejitanda kanga mpaka chini ya macho. Lukia alipokuwa mdogo alimuuliza sababu, na bibi yake akajibu, "Mke mwenzangu, jua la huku kali." Basi.

Siku moja ya mvua Lukia alisahau sweta. Bi Somoe akamfuata nalo shuleni. Akafika wakati wa mapumziko, uwanja umejaa watoto, na pale langoni upepo ukaipeperusha ile kanga. Bibi alikuwa ameshika sweta mkono mmoja na mkongojo mkono wa pili. Mpaka akaiwahi kanga, watoto walikwisha mwona.

Kesho yake, wakati kama ule, Salha na wenzake wanne walikuja wamejichora makaa mashavuni. Salha alikuwa binti wa Mzee Aboud, mwenyekiti wa halmashauri ya shule. Wakamzunguka Lukia, wakapiga makofi, mmoja anauliza wengine wanaitikia:

"Nani kamchora bibi?"

"Paka!"

"Kwa nini kamchora?"

"Kaiba samaki!"

Uwanja mzima ukacheka. Lukia alisimama katikati, na hasira ikampanda hata masikio yakaziba. Akamrukia Salha. Walipoachanishwa, Salha alikuwa na mdomo uliopasuka, na Lukia alikuwa na ushungi uliochanika, na viganja vyake vyote viwili vimejaa makaa ya shavu la mwenzake.

Sasa sikilizeni haki ilivyokatwa. Salha alipelekwa zahanati. Lukia alifukuzwa wiki mbili kwa kosa la kupigana. Na makaa? Mwalimu mkuu alisema makaa ni mchezo wa watoto.

Ingeishia hapo, maana mengine mengi yaliishia hapo. Lakini mtu fulani alikuwa amesharekodi kwa simu. Ile video ikatoka Kilalani, ikafika mji mkuu, ikaingia katika simu za wakubwa wa elimu. Wakubwa wakapiga simu: kuna nini huko kwenu? Hapo ndipo mwalimu mkuu akagundua kuwa shule yake ina ubaguzi. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka mingi, akinywa maji yake ofisini kwa glasi.

Halmashauri ikaitwa. Katika kikao hicho alisimama Mwalimu Nyamvula, mwalimu wa Kiswahili. Mwanamke huyu alikuwa ndiye peke yake aliyewahi kukitoa kile kikombe cha kamba. Alikitoa mara nyingi, na kila mara kilirudi. Alizungumza darasani, akazungumza kwenye gwaride, akazungumza na wazazi, mpaka wenzake wakamwita Mama Kikombe. Akasema:

"Nipeni vipindi viwili kwa wiki, kwa madarasa yote. Sitaki nyongeza ya mshahara. Niacheni niwafundishe watoto hawa nani ni nani hapa Kilalani na alifikaje. Na Lukia arudishwe leo."

Mzee Aboud akamjibu kwa upole, "Mwalimu, nia yako njema. Lakini wewe watoto wanakuona kila siku, na mtu anayeonekana kila siku hasikiki. Hapa anatakiwa mtu mwenye jina."

Mwenye jina akatajwa: Kinanda. Nani asiyemjua? Nyimbo zake zilipigwa harusini, zikapigwa vinyozini, na mwaka ule alikuwa ametoa wimbo wa kulaani ubaguzi ulioimbwa hata na watoto wanyonyao. Kinanda alikuwa akialikwa shule mbalimbali kuzungumza, lakini hakuwa akialikika bure. Nusu mapema, nusu baadaye.

Fedha zitoke wapi? Ulikuwapo mchango wa wazazi wa kujengea vyoo vipya. Kila mzazi alitoa, wa mjini na wa kambini. Halmashauri ikasema vyoo vitangoja.

Habari ilipofika kambini, Bi Somoe alikuwa amekaa barazani anasuka ukili. Aliuweka chini.

"Hebu nirudie nielewe," alimwambia Lukia. "Fedha niliyotoa mimi, ya choo chako wewe, ndiyo anayopewa huyo mwimbaji?"

"Ndiyo, Bibi."

"Aje kusema nini?"

"Aje kuwaambia kwamba sisi ni watu kama wao."

Bi Somoe akacheka kicheko kisicho na furaha. "Ama kweli! Tumetukanwa bure, halafu tumechangishwa ili tuambiwe sisi ni watu!"

Siku ya Kinanda ikafika. Jamani, Kilalani haikuwahi kuona watu kama wale. Ukumbi ulijaa, madirisha yakajaa vichwa. Wazazi wa mjini ambao hawakuwahi kuhudhuria kikao hata kimoja walikuja wamevaa nguo za sikukuu. Wake kwa waume, vijana wa bodaboda, wauza duka. Mzee Aboud alikuwa meza kuu. Lukia alikuwa amerudishwa shule siku hiyo hiyo, kabla wiki mbili hazijatimia, akakalishwa mstari wa mbele, naye hakujua kwa nini amepewa mstari wa mbele, maana watoto wa kambini walikaa nyuma. Bi Somoe alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango, kanga chini ya macho. Aliletwa na Mwalimu Nyamvula, aliyekwenda kumchukua kwa miguu, akamshika mkono njia nzima.

Kinanda akaingia, miwani nyeusi, nyuma yake kijana na kamera. Akaimba kidogo, ukumbi ukatikisika. Kisha akazungumza. Akasema sote damu yetu nyekundu. Akasema bustani ya ua moja si bustani. Watu wakapiga makofi. Lukia naye alipiga makofi, kwa sababu maneno yalikuwa mazuri, ingawa alipokuwa akipiga alijiuliza mbona hayamgusi popote.

Ghafla akasikia jina lake.

"Nimeambiwa," alisema Kinanda, "kwamba hapa yupo msichana jasiri. Alichekwa kwa sababu ya uso wa bibi yake, na nimeambiwa hata alivyolia kwa siri. Lukia! Lukia uko wapi? Njoo hapa, dada'ngu, njoo ulimwengu ukuone."

Lukia aliinuka. Aligeuka nyuma. Akamwona Mwalimu Nyamvula, na katika uso wa mwalimu wake akaona kila kitu: ndiye aliyemsimulia mwimbaji yule. Yeye, ambaye Lukia alimlilia siku ya makaa, akamweleza lililomo moyoni. Mwalimu akamtikisia kichwa kumtia moyo. Nenda.

Akapanda. Kinanda akamfungulia mikono ili amkumbatie, na kamera ikasogea. Lukia akarudi nyuma hatua.  Kinanda akamsogezea kipaza sauti, akamnong'oneza, "Sema tu ulivyojisikia."

Lukia akakitwaa. 

"Wewe umelipwa?" akamuuliza.

Kinanda akashtuka. "Nini?"

"Nimeuliza, wewe kusimama hapa, umelipwa?"

"Ndiyo," alisema yule, maana ukumbi mzima ulikuwa unasikia.

"Walionitukana ni hawa. Aliyetukanwa ni mimi. Bibi aliyechekwa ni wangu. Wewe ulikuwa wapi? Hata jina langu umelijua leo. Na hujaniuliza kama nataka kuja hapa mbele! Hakuna aliyeniuliza! Sasa unataka nilie ili kamera yako ipate nini?"

Mwalimu mkuu akainuka aje kumnyang'anya kipaza sauti. Watu wakaguna. Na hapo Lukia aliishiwa nguvu. Maneno yalikuwapo, lakini hayakutoka, akabaki amesimama mbele ya umati, na mahali fulani dirishani mtoto mmoja akaanza kucheka.

Sasa mtazameni Kinanda. Angeweza kufanya mzaha. Angeweza kuimba. Watu wa kazi yake wanajua kuokoa shughuli. Lakini alivua miwani. Akamwinulia mkono mwalimu mkuu: kaa. Akamgeukia kijana wake, "Zima kamera." Kijana akasita. "Nimesema zima!" Kisha akateremka jukwaani, akaketi sakafuni na suruali yake nyeupe, miongoni mwa watoto wa darasa la kwanza, akainua uso kumtazama Lukia, akangoja. Na kwa kuwa Kinanda ameketi na ananyamaza, ukumbi wote ulinyamaza. Yule aliyecheka dirishani alizabwa kofi na jirani yake.

Katika kimya kile ukasikika mkongojo. Bi Somoe alikuwa anakuja, taratibu, katikati ya ukumbi. Akapanda. Akasimama kando ya mjukuu wake, akaishusha kanga mabegani.

"Nitazameni," alisema. "Mlichungulia langoni, leo tazameni mshibe."

Wakamtazama.

"Hizi nilichanjwa kwetu nikiwa na umri wa huyu. Zinauma. Sikulia, maana kulia ilikuwa aibu. Zilipopona, mama yangu alinishika kidevu akasema, sasa umekuwa mtu. Kisha nikaja kwenu kukata mkonge, na kwa nembo hizi hizi mkaniambia mimi si mtu. Ukaja wakati wa kusaka wasio na vitambulisho. Askari hawakuwa na haja ya kuuliza, walisoma usoni. Mimi nikajifunika. Mume wangu alikataa. Alisema, uso wangu sikuuiba kwa mtu. Wakamkamata sokoni, kweupe, wakampakia kwenye lori na kwenda kummwaga mpakani. Nilikuwa na mimba ya mama yake huyu. Hajarudi. Sokoni hapo walikuwapo watu, na aliyewaonyesha askari kwa kidole alikuwa mtu wa hapa hapa, tuliyekuwa tukiombana naye chumvi. Nimejifunika tangu siku hiyo. Nilimwambia mjukuu wangu ni jua. Lukia, halikuwa jua."

Akajitanda tena, akamshika Lukia mkono.

Hakuna aliyepiga makofi. Na hapo, katikati ya darasa la saba, akasimama Salha. Alikuwa analia hata maneno yanakatika.

"Makaa nilisaga mimi," alisema. "Wimbo niliutunga mimi. Lakini hilo neno la kuiba samaki... sikulitunga. Nyumbani tunasema hivyo. Wakipita watu wa kambini, nyumbani tunasema fungeni jiko, paka wamekuja."

Watu wote wakatazama meza kuu. Mzee Aboud alikuwa anatazama kitambaa cha meza.

Asubuhi ya pili yake kile kikombe kilikutwa hakina kamba. Watoto wenyewe waliikata. Safari hii haikurudi. Salha alikwenda kambini na mama yake, wakakaa barazani kwa Bi Somoe mpaka uji ukapoa. Watoto wa kambini wakaanza kukaa popote darasani. Sisemi chuki ilikwisha Kilalani. Nasema watoto waliacha.

Sasa ndipo mtanziko wenyewe unapoanza.

Ile nusu ya pili ya malipo ilikuwa bado. Ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, juu ya meza, katika chumba cha walimu. Kinanda alikuja kuichukua asubuhi ile ile ya kamba. Halmashauri ilikuwapo, na Mwalimu Nyamvula alikuwapo. Mlango ukabishwa, akaingia Bi Somoe, Lukia nyuma yake.

"Shikamoo, Bibi," alisema Kinanda, akasimama.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hiyo bahasha ndiyo iliyobaki?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi ni yangu."

Mwalimu mkuu akacheka akidhani ni utani. Bi Somoe hakucheka.

"Mmeniona nimezeeka, mkadhani mimi ni sadaka. Nilikaa na kidonda changu miaka yote hiyo, sikumwonyesha hata mtoto niliyemzaa. Jana nimekifungua mbele ya mji mzima, na usiku sikulala. Kilichowaliza watu jana ni wimbo? Ni habari ya bustani? Niambieni. Mbona uso wangu uwe wa bure na sauti yake iwe ya bei?"

 Kinanda akasema polepole, akimtazama bibi, si wengine.

"Sikupingi, Bibi. Lakini nami nisikilizwe. Mnadhani mmenilipa kwa saa moja ya kusema. Hamkulipia saa, mlilipia jina, na jina hilo sikuliokota. Nililala njaa kwa ajili yake. Wenye studio walinifukuza wakisema mweusi namna hii hauzi sura. Nami nimetukanwa, Bibi, ila mimi sikupata bibi wa kupanda jukwaani. Jana mji ulijaa kwa sababu ya nani? Waliokutukana walikuja kwa sababu ya nani? Ungesema maneno yale yale juzi, nani angekuwa ukumbini? Na mtoto huyu aliponisema mbele ya watu, ningeweza kupanda gari nikaondoka. Nilizima kamera, nikakaa chini. Hakuna aliyekuwa amenilipa nikae chini. Tulikubaliana, na nilikuja."

"Ulikaa chini baada ya kumwanika mtoto," alisema Mwalimu Nyamvula. Sauti yake ilikuwa na uchungu ulioiva. "Naomba nami niseme, maana sijawahi kulipwa hata asante. Hawa watoto walioikata kamba, nani aliwafundisha kwamba ile kamba ni aibu? Huyu aliyekuja jana? Kikombe nimekitoa miaka yote, nikaitwa Mama Kikombe, nikanyimwa cheo kwa kuonekana mkorofi. Mbegu nimepanda mimi, mvua imenyesha siku moja, mnaishukuru mvua. Na Bi Somoe alifikaje ukumbini? Nilimfuata, nikamsihi, nikamshika mkono. Niliomba vipindi viwili, mkaninyima kwa sababu ni bure. Kumbe ningetaja bei mngenisikia! Nipeni hiyo fedha niifanyie kazi niliyoiomba, mwaka mzima, si saa moja."

Hapo ndipo Lukia aliposema. Alikuwa hajasema neno tangu aingie. Hakumtazama Kinanda. Alimtazama mwalimu wake.

"Mwalimu, kwa nini hukuniuliza?"

Nyamvula akamsogelea.

"Nilikwambia wewe peke yako. Ukampa yeye. Ungeniuliza, pengine ningekubali."

"Mwanangu," alisema Nyamvula, "nilijua utakataa. Nami niliona hii ndiyo nafasi pekee ya watu kusikia." Machozi yalimlengalenga. "Nilikosea. Na hata hivyo, Lukia, walisikia."

"Walisikia kwa sababu nilisema! Nisingesema mimi, Bibi asingepanda. Huyu asingezima kamera. Salha asingesimama. Ningelia kidogo, ningekumbatiwa, ningepigwa picha, mngekwenda nyumbani kula pilau. Mimi ndiye niliyeimbiwa, mimi ndiye niliyefukuzwa. Na hata leo hamjasema kwamba mlikosea kunifukuza."

Mwalimu mkuu alikohoa.

Akabaki Mzee Aboud. Tangu jana yake alionekana amepungua. Sasa akanyanyua kichwa.

"Mimi sistahili kusema," alisema, "lakini nitasema. Wote mna haki, na ndiyo maana nauliza jambo jingine. Kosa lilikuwa letu. Langu. Nyumbani kwangu. Sasa mtu akikosa, hukimbilia kuchanga fedha ili aje mtu amwambie amekosa? Tena fedha za aliyekosewa? Naona bahasha hii asipewe yeyote. Irudi kwenye vyoo, kwa kuwa huko ndiko ilikotoka."

"Ala!" Bi Somoe akagonga mkongojo sakafuni. "Ilipokuwa ya mwenye jina, vyoo vilingoja. Imekuja zamu yetu, vyoo havingoji tena!"

Wakazozana. Kinanda akitaja makubaliano, Nyamvula akitaja miaka, Bi Somoe akitaja uso wake, na Mzee Aboud akirudia vyoo, vyoo. Kila aliyesema alionekana ana haki mpaka mwenzake afungue mdomo. Mwisho mwalimu mkuu akachoka. Akaichukua ile bahasha, akazunguka meza, akamwekea Lukia mkononi.

"Aliyekosewa ni wewe," alisema. "Basi amua wewe. Utakayempa, ndiye."

Wote wakageuka. Kinanda akamtazama. Mwalimu wake akamtazama. Bibi yake akamtazama. Bahasha ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Lukia akahisi hasira ile ile ya uwanjani ikimpanda, ila safari hii masikio hayakuziba. Alisikia kila kitu, hata nzi waliokuwa juu ya sufuria la chai.

"Siku mliponifukuza hamkuniuliza," alisema. "Siku mliponiita jukwaani hamkuniuliza. Leo lililowashinda watu wazima, ndilo mnaloniuliza mimi?"

Akairudisha bahasha mezani, katikati kabisa, mbali na kila mtu. Akatoka, akaenda darasani. Kipindi cha hesabu kilikuwa kimeshaanza, na Salha alikuwa amemwekea nafasi kwenye benchi.

Bahasha ikafungiwa kabatini. Kinanda aliondoka bila kuidai mahakamani, wala hakusema ameisamehe. Kila mkutano wa wazazi Kilalani huanza na bahasha na kumalizika kwa ugomvi. Ndugu wamenuniana kwa ajili yake, na yupo mke aliyerudi kwao wiki nzima kwa kusema mwimbaji alipwe. Lukia amemaliza shule, yuko mbali, na akiulizwa husema aliyeuliza ajijibu.

Haya, nyinyi mlionyamaza muda wote huu kana kwamba kesi si yenu, kabati liko wazi na bahasha iko mbele yenu. Kinanda aliujaza ukumbi, kisha akajua kunyamaza. Bi Somoe alijifunua uso. Nyamvula alipanda miaka yote bila ujira, na mwisho akaitoa siri ya mtoto. Lukia alisema lile ambalo kila mtu aliogopa kulisema. Na watoto wa Kilalani hadi leo wanapanga foleni kwenye choo kibovu. Msiniambie wagawane, maana Bi Somoe atawauliza uso wake mmeupimia kipande gani.

Je, nani alistahili?